Ukishashikwa na Alkoblo, Bima Usiidanganye

Kama umeshikwa na Alkoblo, ile mashine ya polisi ya kupima pombe, kaa chini kwanza. Sitakuuliza ulikunywa nini wala ulikunywa na nani. Polisi walikuuliza, hakimu akakuuliza, na mke wako bado anakuuliza. Mimi nina swali moja tu: bima ya gari lako inaisha lini?

Swali hilo nimewauliza watu kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu mnaosoma hapa. Nilifanya kazi katika ofisi ya uwakala wa bima hapa Nakuru, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Shule niliacha darasa la nne. Niliingia ofisi hiyo kufagia na kupika chai, na nilipotoka, magoti yakiwa yamekataa ngazi, nilikuwa mtu wa kuandika bima za magari. Leseni ya uwakala ilikuwa ya Bwana Odhiambo, mwenye ofisi. Mimi nilikuwa mkono wake. Wateja waliniita Mama Njeri, na wengine Mama Stika, kwa sababu wakati ule bima ilikuwa stika ya karatasi ya kubandika kwenye kioo. Siku hizi inaingia kwa simu. Sawa. Lakini maswali ni yale yale, na watu wanadanganya pale pale.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kuendesha, na nyinyi mnaoanza kuuza bima. Msinisome kama mnasikiliza mahubiri. Mimi sina neno na mtu aliyekosa mara moja. Nina neno na mtu anayekosa, halafu anatafuta kalamu ya kufunika.

Nimeona mengi. Kuna mtu alisikia kwamba vitunguu vinamaliza harufu ya pombe, akala viwili vizima barabarani. Mashine haikujali. Afisa ndiye aliyelia machozi. Mwingine, baada ya kesi yake, aliandikisha gari kwa jina la mama yake ili bima isimjue. Kampuni ikaomba leseni ya huyo mama. Nyanya wa watu, hajawahi kushika usukani, akafungua mkoba akatoa kadi yake ya kanisa. Akatuambia, "Hii ndiyo leseni niko nayo." Tulicheka mpaka Bwana Odhiambo akatoka ofisini kwake kuona kuna nini. Lakini sikilizeni: ile kampuni haikucheka. Ukibadilisha jina la gari, wao wanauliza ni nani analiendesha kila siku. Hapo ujanja unaishia.

Bwana Odhiambo ndiye aliyenifundisha kusoma fomu. Sisemi kusoma kwa shule, nasema kusoma kwa kazi. Aliniambia nisome swali moja moja kwa sauti, nimwangalie mteja usoni, halafu ninyamaze ningoje.

"Mama Njeri, mtu akichelewa kujibu, usimsaidie," alisema. "Hapo ndipo kazi yako iko."

Nilimsikia. Nikafanya hivyo kama mwaka mmoja, halafu nikajiona nimeiva.

Lazima mwelewe vile watu wa huku wanafanya. Mteja hajazi fomu yake. Ametoka Keringet au Molo na gamubuti zina matope, yuko mjini siku moja, na anataka kupitia benki, anunue dawa ya kupe, amwone mtu hospitali, arudi kabla mvua haijaharibu barabara. Anaketi, anapewa chai, anakusukumia logibuku, kile kitabu cha gari, na kitambulisho, anasema, "Jaza tu, mama, mimi nitasaini." Na wewe unajaza. Maswali yamepangwa kushuka chini kama ngazi. Umewahi kupata ajali? Umewahi kunyimwa bima? Una ugonjwa wa macho? Umewahi kushtakiwa au kupatikana na hatia ya kosa la barabarani? Karibu kila mtu jibu ni hapana. Kwa hiyo nilianza kuandika Hapana moja pale juu, halafu chini yake nateremka na vistari viwili viwili, vile vinamaanisha kama hapo juu. Chai ya mteja ilikuwa haijapoa na fomu imeisha. Nilisifiwa kwa hiyo kasi. Nilijisifu pia.

Sasa niwaambie kuhusu Ndegwa.

Ndegwa alikuwa fundi wa viti. Alikuwa na gari la kenta la kupelekea watu wa Milimani masofa yao. Mtu mpole, wa kukuuliza hali ya watoto kabla hajakaa. Siku moja alikuja kuandika bima mpya, na nilipokuwa nateremka na vistari vyangu akaniambia, sauti ya chini, "Mama Njeri, kuna kakesi kadogo ka Alkoblo, mwaka jana. Nililipa faini, kakaisha. Hako si kitu, ama?"

Nilimwambia pole. Na kalamu ilikuwa inaenda. Nilipoinua kichwa, vistari vilikuwa vimeshapita lile swali na kufika chini. Ningeweza kurudi juu. Nilimwangalia, nikaona aibu iliyokuwa usoni mwake, nikasema acha tu, ni mtu mzuri. Nilidhani hiyo ilikuwa huruma. Akasaini, akamaliza chai, akaenda.

Miezi ikapita. Ndegwa akaacha pombe kabisa, hiyo najua kwa sababu mke wake aliniambia sokoni kwa furaha. Halafu asubuhi moja, jua limetoka, yeye amekunywa chai na mkate, akamgonga mama mmoja aliyekuwa anavuka barabara. Mama akavunjika mguu mahali pawili. Kampuni ikatuma mtu wa kuchunguza, na mtu huyo alienda mpaka kortini akachimba faili la zamani. Kampuni ikamwomba jaji aihesabu ile bima kama haikuwepo, kwa sababu ilipatikana kwa uongo. Na jaji akakubali.

Mnaona vile ilikuwa? Hakuna aliyesema Ndegwa alikuwa amelewa siku ya ajali. Wote walikubali hakuwa amelewa. Hilo halikumsaidia. Swali halikuwa alikunywa nini siku hiyo, lilikuwa kwa nini karatasi inasema hapana. Kenta ikauzwa, na shamba dogo la kwao likauzwa. Na yule mama wa mguu, ambaye hakumkosea mtu, alingoja haki yake akiwa na magongo.

Bwana Odhiambo aliweka fomu mezani mbele yangu.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Na hivi vistari hapa vinasema nini?"

Hakunifukuza. Alisema tu kuanzia siku hiyo niandike kila jibu lote, kwa herufi. Ndegwa mwenyewe alikuja baadaye kuchukua karatasi zake, nikamwambia nimekosa. Akasema, "Mama Njeri, mimi ndiye nilisaini." Akaniaga kwa mkono. Ningependa angenitukana.

Miaka ilienda. Siku moja akaingia Kirui wa Keringet.

Kirui alikuwa na pikapu, na kazi yake ilikuwa kukusanya maziwa ya majirani zake kila asubuhi na kuyafikisha kwa mtambo wa kupoza. Alikuwa mteja wetu wa miaka mingi, bila ajali hata moja. Kila akija ananiletea maziwa ya mala kwa kibuyu na kunitania kwamba Wakikuyu tunajua kuhesabu maziwa lakini kuyakunywa hatujui. Siku hiyo hakuleta kibuyu na hakunitania. Alisimama mlangoni.

"Kirui, kwani umesahau vile watu wanakaa?"

"Mathe, nimeshikwa."

Akanieleza. Nyumbani kwa ndugu yake kulikuwa na wageni wa posa ya binti. Mambo yalienda vizuri, wazee wakafurahi, bia zikaletwa. Saa tisa mchana akawasha gari arudi kukamua. Kwenye kona ya kwanza polisi walikuwa wametega na mashine yao. Alikubali kosa kortini. Hakimu akamtoza faini na kumzuia kuendesha kwa mwaka mmoja. Na sasa bima yake ilikuwa imebakisha siku tatu.

"Pole sana," nikamwambia, na nilimaanisha. "Keti tuandike."

Nikasoma swali moja moja kwa sauti. Tulipofika lile la kushtakiwa, nikanyamaza, nikangoja.

"Andika hapana," akasema.

"Sitaandika."

"Mathe, nani ataenda kuangalia?"

"Wataangalia siku ukigonga mtu. Siku zingine zote hakuna atakayeangalia, hilo nakubali."

"Mimi siendeshi! Ataendesha Kiptoo, ndugu ya mke wangu. Hanywi hata soda huyo. Sasa kesi yangu inawahusu nini?"

"Gari ni la nani?"

"Langu."

"Basi swali ni lako."

Akasimama. Alikuwa mrefu, na alipokasirika ofisi ikawa ndogo. "Miaka yote hiyo nimewaletea biashara, na leo unanifanya mwizi. Maziwa hayangoji, Mama Njeri. Nikikosa wiki mbili wakulima watampatia mtu mwingine, na hawatarudi. Nina watoto wawili sekondari. Kuna ejenti pale karibu na stendi ataandika chenye namwambia."

"Najua yuko. Enda. Lakini usisaini kabla hujalala nayo siku moja."

Akaenda. Alifunga mlango polepole, na hiyo iliniuma kuliko kama angeugonga.

Wajukuu, msidhani nilikaa pale nikijiona mshindi. Nilikuwa najua kazi ya mtu inakufa, na kalamu moja tu ingeiokoa mpaka siku mbaya ije. Na labda siku mbaya isingekuja. Wengi wanadanganya na haiji. Hilo nawaambia wazi ili msifikiri nawatisha na hadithi.

Wiki iliyofuata alikuja mwanamke amejifunga leso kichwani, akaketi bila kuambiwa.

"Mimi ni Chebet, mke wa Kirui. Nimekuja kuuliza. Hiyo fomu ya yule ejenti mwingine iko nyumbani, kila kitu kimejazwa. Hajasaini. Anaizunguka kama ng'ombe mwenye ameona daraja. Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia alale nayo."

"Haya, amelala nayo siku sita. Mimi ndiye silali."

Nikampa chai, na nikamwambia habari za Ndegwa bila kutaja jina, mpaka mwisho, pamoja na vistari vyangu. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe na hakunywa. Nilipomaliza akauliza, "Na yule mama wa mguu, alitembea?"

"Alitembea. Lakini si kama zamani."

Chebet akaweka kikombe chini. "Atakuja kesho," akasema.

Na alikuja. Akaketi. Nikamwambia vile tutafanya, na hapa mnaoanza kazi hii mshike vizuri. Nilimwambia atafute nakala ya hukumu ya korti, ili kampuni isilazimike kuitafuta na kufikiri imefichwa. Alete karatasi zake zote za bima za miaka ya nyuma, zionyeshe hajawahi kuomba kulipwa ajali. Alete leseni ya Kiptoo, na jina la Kiptoo liingie kama dereva, kwa sababu gari likiendeshwa na mtu ambaye bima haimjui ni kutafuta shida nyingine juu ya ile ya kwanza. Na asahau komprehensivu, ile bima kubwa ya kila kitu. Tuombe thadi pati, ya kulipa yule utakayemgonga. Sheria inaitaka hiyo, na kwa mtu mwenye doa kampuni haziiogopi sana kama ile kubwa.

"Halafu andika barua," nikamwambia. "Sema kilichotokea."

"Andika wewe, mama. Mwandiko wangu ni mbaya."

"Mwandiko wangu ulishamaliza mtu mmoja. Shika kalamu."

Alichukua saa nzima. Aliandika kwa Kiswahili, herufi kubwa kama za mtoto. Sehemu moja naikumbuka vizuri: Nilikunywa bia nne nikaendesha gari. Sikugonga mtu, lakini hiyo ilikuwa bahati, haikuwa akili yangu. Nikamwambia hapo asiongeze kitu. Watu wanaharibu barua kwa kuongeza. Wanaanza kulaumu mashine, wanalaumu baridi, wanalaumu shemeji aliyemimina.

Kampuni ya kwanza ilikataa siku hiyo hiyo. Ya pili ilitaja malipo ya kumfanya mtu auze ng'ombe ili abebe maziwa. Ya tatu ilinyamaza, na kunyamaza kwa kampuni ni kukataa kwa watu waoga. Mjue hilo litatokea. Mtu aliyeshikwa na Alkoblo akikataliwa mara tatu anafikiri dunia yote imemkataa, anarudi kwa uongo. Kazi yako wewe wakala ni kumpigia simu kabla hajafika huko. Nilimpigia Kirui kila jioni. Sikuwa na habari yoyote ya kumpa. Nilimuuliza tu kama amekula.

Kampuni ya nne ilikuwa na mama mmoja Nairobi ambaye kazi yake ilikuwa kuamua ni gari gani wachukue na lipi waache. Akapiga simu ofisini Kirui akiwa ameketi pale pale, amekuja kuniambia tuache tu. Nikaweka sauti kubwa.

"Bwana Kirui, nimesoma barua yako. Niambie kitu. Bima yako iliisha wiki tatu zilizopita. Maziwa yanaenda namna gani?"

Kirui akaniangalia. Nikaangalia dirisha. Hilo halikuwa swali langu.

"Na punda, madam."

"Na nini?"

"Punda. Nimekodisha mkokoteni. Naamka mapema zaidi. Mara mbili maziwa yameganda njiani na nikalipa mwenyewe. Wakulima wengine wameshaniacha."

"Na pikapu?"

"Iko nyuma ya nyumba. Kuku wametaga ndani."

Nikasikia yule mama anacheka, si kicheko cha dharau. "Wengi wangeendesha tu," akasema. "Barabara za huko ndani hazina polisi."

"Hata mimi nilifikiria, madam. Asubuhi ya kwanza niliweka ufunguo nikatoa."

"Ngoja niongee na mkubwa wangu."

Tulingoja siku mbili. Halafu bima ikaingia. Thadi pati peke yake, malipo juu kuliko ya mwaka uliopita lakini yanabebeka, dereva ni Kiptoo na hakuna mwingine, na Kirui akirudishiwa leseni yake awaambie kwanza, ndipo aguse usukani. Nilimsomea masharti yote kwa sauti, moja moja, na kila moja nikangoja mpaka akasema amesikia. Nikamwambia mwaka ujao fomu itauliza tena na jibu litakuwa lile lile ndiyo, na mwaka wa kufuata pia, na kila mwaka litauma kidogo. Akasema amesikia.

"Lakini wale wakulima walioenda?" akaniuliza.

"Wale wameenda, Kirui. Sitakudanganya. Anza na waliobaki."

Akatingisha kichwa. Nilishuka naye ngazi, polepole, magoti yangu ndiyo haya. Kiptoo alikuwa ameleta pikapu kwa gari la kuvuta mpaka mbele ya duka, kijana mwembamba, ameketi upande wa abiria anasubiri kuambiwa. Kirui akaenda moja kwa moja mlango wa dereva kama alivyofanya maisha yake yote. Akaufungua. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia.

"Shemeji," Kiptoo akasema, "hapo si kwako."

Kirui akasimama vile, nusu ndani nusu nje, mbele ya watu wote wa duka la dawa. Nilifikiri atakasirika. Halafu akatoa mguu, akampa Kiptoo ufunguo, akazunguka mbele ya gari, akaingia upande ule mwingine na kufunga mshipi.